Pakiti Nne za Barafu

Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike, nikakataa. Mkaniomba tena, nikakataa. Mara ya tatu mkampitia mume wangu, ambaye tangu nistaafu anatafuta kila njia ya kunitoa jikoni, kwa kuwa miaka yote nilipokuwa kazini jiko lilikuwa lake na sasa namhamishia vijiko vyake. Haya, naandika. Lakini si kwa ajili yenu wala yake. Naandika kwa sababu wiki yangu ya mwisho ofisini nilifungua programu ya safari za chanjo, nikakuta mmoja wenu kaongeza mstari unaoanza na "kama aina ya kituo ni". Namjua ni nani. Simtaji. Mstari nimeufuta, na hapa naeleza kwa nini.

Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa vikae huko huko kwenye mafaili. Havimsaidii mtu kupakia sanduku.

Jina langu ni Zuwena Juma Mabula. Babu yangu Mabula alitoka bara kuja Pemba kuchuma karafuu, akaoa huku, na Mapinduzi yalipokuja akapewa eka tatu kama wenziwe, akazilima mpaka akazikwa ndani yake. Baba kazaliwa Wete, mimi nimezaliwa Wete, na nikifungua mdomo Unguja, muuza duka hucheka kabla sijamaliza kuuliza bei. Lakini jina la tatu halijifichi, na kisiwani kwetu mtu hapewi hata maji kabla hajaulizwa ni mtu wa nani.

Siku yangu ya kwanza kwenye bohari ya chanjo, Mzee Kombo, mtunza bohari, alikuwa kakaa juu ya kreti, penseli kaibana sikioni, anahesabu mabomba ya sindano. Alinitazama juu mpaka chini.

"Weye Zuwena wa nani?"

"Wa Juma."

"Juma wa nani?"

"Juma Mabula."

"Mabula wa wapi?"

"Wa hapa hapa Wete."

"Mie n'mezaliwa Wete. Mabula simjui."

"Sasa unamjua," nikamjibu, na nikajuta pale pale, maana nilikuwa mgeni wa dakika tano.

Mzee Kombo alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Haya, ingia. Ulimi unao. Tuone mikono."

Mikono akanifundisha yeye. Chanjo inataka baridi, lakini si baridi yoyote. Pakiti ya barafu haitoki kwenye friza ikaingia moja kwa moja ndani ya sanduku. Unaiacha mezani kwanza, kisha unaitikisa karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, ndipo. Ukiharakisha, chanjo nyengine zinaganda na kuharibika. Ukizubaa, zinapata moto. Nilitikisa pakiti mpaka nikawa nazisikia usingizini. Akanifundisha pia kusikiliza friji: likinguruma muda mrefu bila kupumzika, usingoje lizime, litafutie fundi likiwa bado linasema.

Safari zote alikuwa nazo kichwani. Makangale wakati wa masika: pikipiki, gari litakwama kwenye njia ya msituni. Chokocho: sanduku mpe muuguzi mkononi, usimwachie mtu barazani. Hakuwa na mahali alipoandika. Ukimuuliza alikuwa akijibu huku akifunga kamba, na kamba ikimalizika na jibu limemalizika.

Kompyuta ilipokuja ilikaa wiki nne ndani ya boksi lake, kwa sababu hapana aliyetaka kuwa wa kwanza kuiharibu. Mwishowe nikapelekwa Unguja kusoma programu, kwa sifa moja tu: nilijua kupiga taipu. Nikarudi na cheti na kiburi, cha pili kikiwa kikubwa kuliko cha kwanza, na nikaandika programu yangu.

Programu ile ilitoa karatasi ya safari kwa kila kituo cha afya. Karatasi ilisema sanduku gani litumike, pakiti ngapi za barafu, chombo gani cha usafiri, kuondoka saa ngapi, nani apigiwe simu, masanduku matupu yarudi vipi, na kifanywe nini safari ikikwama. Maamuzi saba. Na katika kila uamuzi programu ilisimama ikauliza: wewe kituo ni cha aina gani? Kama ni cha barabara, fanya hivi. Kama ni cha msituni, fanya vile. Kama ni cha kisiwani, vile vyengine. Vyenginevyo, fanya kama cha barabara. Hilo neno la mwisho, "vyenginevyo", ndilo lililokuja kunitia adabu.

Karatasi za mwanzo zilipotoka, Mzee Kombo alizipitia moja moja, akasimama kwenye kisiwa kimoja kati ya vile vidogo vya upande wa magharibi. Jina lake silitaji, watu wake hawakuomba kuandikwa. Nitakiita Kisiwani, basi.

"Hapa umekosea," akasema. "Kwa bamvua, sawa, maji yanajaa, boti inaingia mpaka penye skuli. Lakini mwezi ukiwa na siku saba, siku nane, siku ishirini na mbili, maji mafu hayo. Hayapandi. Boti inakalia tope kwenye mikoko. Yakubidi uzunguke kwa nje, ushuke, utembee. Safari ya asubuhi inakuwa ya kutwa."

"Mbona hukunambia mwanzo?"

"Kwani nani hajui?"

Kaeni mkijua, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kuandika programu kisiwani kwetu. Lile linalojulikana na kila mtu, hapana anayelisema.

Nikaongeza aina mpya: kisiwa cha mikoko. Kila mwezi ukiandama nilikuwa naingiza tarehe mosi, na programu inahesabu yenyewe bamvua na maji mafu. Kisha nikapita kila penye "kama" nikatia aina hiyo mpya. Nikapita mahali sita, nikajipongeza, nikenda zangu nyumbani kula muhogo.

Palikuwa na mahali saba.

Zamu ya Kisiwani ilipofika, mwezi ulikuwa na siku ishirini na mbili, maji mafu. Mzee Kombo alikuwa Makangale kwenye msiba wa shemeji yake, asirudi mpaka baada ya hitma. Karatasi ikatoka kwenye mashine: sanduku kubwa, sawa. Boti izunguke nje, sawa. Saa ya kuondoka, sawa. Pakiti za barafu: nne. Kisiwa cha mikoko hakikutajwa kwenye ule uamuzi wa barafu, kwa hivyo "vyenginevyo" ikakihesabia barafu ya barabara. Ilikuwa ziwe kumi na mbili. Mwenzetu wa upakiaji alipakia kama karatasi ilivyosema, na hakukosea, kwani mimi mwenyewe ndiye niliyetia saini. Niliiangalia ile nne kwa macho yangu mawili na isinambie kitu.

Kule Kisiwani muuguzi alikuwa Bi Maryam. Surua ilikuwa imeshaonekana kwenye vijiji vya pwani, na yeye alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaomba akina mama walete watoto. Wengi walikuwa hawaziamini sindano. Amewabembeleza miezi. Siku ile wakaja, wakajaa chumba cha skuli mpaka nje. Bi Maryam akafungua sanduku mbele yao, akakuta pakiti zimeyeyuka kitambo, maji yake vuguvugu. Ndani ya sanduku tulikuwa tunatia kadi ndogo yenye vidirisha vyeupe. Joto likizidi, vinageuka buluu. Vilikuwa vimegeuka vyote. Akawaonyesha akina mama ile kadi, akawaambia warudi nyumbani.

Sanduku likarudi bohari na barua. Nimeihifadhi. "Zuwena, nakurejeshea chanjo zako, zimepata moto. Watu wamerudi na watoto wao wakiniita muongo. Safari nyengine n'tawaambia nini?"

Surua ikaingia Kisiwani kabla hatujapata jibu la kumpa. Walipona wengi. Mtoto mmoja hakupona, msichana wa miaka mitatu, mama yake akiitwa Bi Hadia. Daktari mmoja alinambia huenda mtoto alikwisha ambukizwa hata kabla ya siku ya chanjo. Nikamshukuru, na lile neno halikunisaidia kitu. Nililia nyumbani, nikalia ofisini mbele ya watu, nikalia mpaka nikaona kilio hakipakii sanduku. Nikajifuta uso.

Mkuu wetu akaitisha kikao. Alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na hofu. Akasema karatasi za mashine basi, turudi kwenye daftari. Nikatazamia Mzee Kombo aunge mkono, maana mashine hakuipenda tangu ikiwa ndani ya boksi.

"Daftari lipi?" Mzee Kombo akauliza. "Daftari langu limo humu kichwani, na kichwa hiki kinastaafu mwaka huu. Mashine haikusahau, kasahau mtu. Mpeni nafasi alisahihishe."

Mkuu akanipa nafasi moja: safari inayofuata ya Kisiwani. Ikiharibika, mashine inafunikwa kitambaa. Na safari inayofuata nayo ilikuwa iangukie maji mafu. Mtu akauliza kwa nini tusingoje bamvua. Mzee Kombo akamjibu kuwa surua haitazami mwezi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wewe nisiyekutaja. Ule mstari wa saba ningeweza kuutia kwa dakika mbili. Ningetia, ningelala. Sikutaka. Leo ni kisiwa cha mikoko, kesho kutafunguliwa kituo chengine chenye mambo yake, na atakayekiongeza atalazimika kukumbuka mahali saba, na ataumwa na kichwa siku hiyo, au mtoto wake atakuwa na homa, na atakumbuka sita. Kazi inayomtegemea mtu asisahau ni kazi iliyokwisha haribika, inangoja siku yake tu. Nilikuwa nimeamua: ama naing'oa hiyo shida na mizizi yake, ama naifunika mashine kwa mkono wangu mwenyewe.

Wete palikuwa na mwalimu mmoja wa kompyuta wa skuli, Maalim Faki, rika langu, aliyesoma mbali na akarudi na miwani minene. Nikamwendea baada ya sala ya alasiri na kurasa za programu yangu chini ya kwapa. Akazitandaza kwenye madawati matatu, akatembea kutoka dawati hadi dawati, akaanza kucheka.

"Zuwena, hii programu yako ni Mpemba khasa."

"Kwa nini?"

"Haimpi mtu kazi mpaka imuulize kwanza mtu wa nani. Tizama! Hapa, weye mtu wa nani? Hapa, weye mtu wa nani? Mara saba! Na akishamaliza kuulizwa, anayeamua afanye nini si yeye, ni wewe huku Wete."

Nilikaa kwenye dawati. Maisha yangu yote nimeulizwa swali hilo. Nimeulizwa dukani, nimeulizwa harusini, nimeulizwa na watu ambao babu yangu aliwachumia karafuu zao. Na niliapa sitomuuliza mtu. Kumbe nimekaa Wete nikaliandika mwenyewe, mara saba, kwa mkono wangu, na lile ambalo halikujulikana mtu wa nani nikalitupa kwenye "vyenginevyo". Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Nikamweleza Faki habari za Mabula. Akavua miwani.

"Basi unajua linavyokera," akasema. "Lifute."

"Nitalifuta vipi? Vituo si sawa. Lazima nijue kipi ni kipi."

"Lazima nani ajue? Sheha akitangaza msaragambo, tukasafishe njia, anasema maneno mangapi?"

"Kesho kazi. Basi."

"Anapita nyumba kwa nyumba, wewe mvuvi leta kamba, wewe mkulima leta jembe?"

"Hata. Kila mtu anajua aje na nini."

"Sasa hapo pana nini tena? Amri moja, kila mmoja anaitika kwa alichonacho. Hiyo ndiyo wasomi wanaita polimofizimu. Jina refu, jambo fupi. Wewe umeandika sheha anayebeba majembe ya kijiji kizima mgongoni."

Nikacheka, lakini sikuridhika. Nilikuwa nimezika mtoto wa watu moyoni, sikutaka kurudi bohari na mfano wa msaragambo peke yake. "Na asiyejua aje na nini? Maana shida yangu ndiyo hiyo, Faki. Si kuamrisha. Kusahau."

Akarudisha miwani. "Ah. Sasa umeuliza. Unaandika klasi mama, unaiita Kituo. Klasi ni ramani tu ya kutengenezea vitu vya aina moja. Hiyo mama unaipa majina ya mambo saba: sanduku, barafu, chombo, na mengine. Majina tu, majibu haina. Unasema, kila mtoto wangu lazima awe na majibu yake. Kisha unaandika watoto: kituo cha barabara, cha msitu, cha kisiwa. Ukiandika mtoto mpya na ukasahau kumpa jibu moja, mashine haikubali kuijenga programu. Si kwamba itakosea safarini. Haitoki mlangoni."

"Sema tena."

Akasema tena. Nikamwambia aseme mara ya tatu, akasema, akauliza kama nataka aiadhini.

Nikaanza upya. Siku ya kwanza, nikaandika klasi mtoto, ya kisiwa cha mikoko, na nikaacha barafu makusudi, nione. Mashine ikagoma. Ikaleta maandishi mekundu, ikataja kituo kwa jina lake na ikataja kilichokosekana: pakiti za barafu. Nikayasoma yale maandishi, nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza nimeshinda nini. Sikuwahi kushukuru kosa kama lile.

Kisha ikaja kazi ambayo hamtaisoma kwenye kitabu cha programu. Kila kituo kijijibu chenyewe, sawa, lakini jibu nilipate wapi? Nilipanda gari nikenda Makangale, nikamuuliza muuguzi: chanjo ikitoka Wete, kwako inafikaje? Akanionyesha kuwa sanduku likifungwa kwenye pikipiki kwa upande, kifuniko kinaachia kwenye mashimo. Lifungwe wima, na njia ya masika inaongeza masaa mawili. Nikenda Chokocho. Muuguzi wa Chokocho akanambia: "Msilete Ijumaa. Dereva anafika khutba imeanza, anaingia msikitini, sanduku linakaa juani mpaka watu watoke." Miaka yote hiyo hapana aliyelijua Wete.

Nilikosea pia kwa upande wa pili, nanyi mtakosea, kwa hivyo nawaambia. Nilinogewa nikampa kila kituo klasi yake peke yake, hata viwili vinavyopakana ukuta kwa ukuta. Faki akaja, akatizama, akasema, "Sasa kila nyumba umeifanya kabila." Nikapunguza. Vilivyofanana nikaviweka klasi moja, na kisiwa cha mikoko nikakiacha ndugu wa kisiwa cha kawaida, mtoto wa mama yule yule anayedai majibu yote saba: kwa bamvua kinajibu kama nduguye, kwa maji mafu kinajibu lake. Na pale palipokuwa na maswali saba pakabaki mistari mitatu, inayosema tu: chukua kila kituo, kiambie kijiandae, chapisha.

"Wiki tatu zote, mistari mitatu?" Mzee Kombo akauliza.

"Mitatu."

"Mie ningekuuliza ulikuwa unafanya nini, lakini nakuona ulivyokonda."

Akataka kuijaribu mwenyewe. Akakaa kwenye kreti, anataja kituo na tarehe, na kabla karatasi haijatoka anasema jibu lake. Makangale, sawa. Kisiwani bamvua, sawa. Kisiwani maji mafu, pakiti kumi na mbili, sawa. Kisha akataja Chokocho siku ya Ijumaa, na karatasi ikakataa, ikataka Jumamosi.

"Nani kakwambia?"

"Chokocho wenyewe. Ijumaa sanduku linachomwa na jua nje ya msikiti."

"Miaka yote hii hawakunambia mie!"

"Kwani nani hajui?" nikamwambia.

Alinirushia kofia yake. Lakini mchana ule alimwendea mkuu, akamwambia safari ya Kisiwani ipakiwe kwa karatasi ya mashine.

Nilipakia mwenyewe. Nilizitikisa pakiti zote kumi na mbili sikioni, moja moja. Na nikaomba nifuatane na sanduku. Mkuu akanambia hapana haja, nikamwambia ipo. Tukazunguka nje na boti, tukashuka mbali maji yakiwa magotini, mimi na baharia tumelishika sanduku huku na huku, na jua lile mnalijua. Mguu wangu ulikatwa na chaza, nikaendelea. Bi Maryam alitupokea kwa salamu na kwa chai tu.

Asubuhi akafungua chumba cha skuli. Tukakaa. Ikapita saa nzima, hapana mtu. Akatoka akarudi, akasema wamemsikia, lakini hawaji.

"Nipeleke majumbani," nikamwambia.

"Ukawaambie nini?"

"Kilichotokea."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango nilisema maneno yale yale: muuguzi wenu hakusema uongo, chanjo zilipata moto kwa kosa langu mimi, nimelisahihisha, na leo nimezileta mwenyewe. Mmoja alinifungia mlango usoni. Mmoja alinipa maji, akanambia pole ya mguu, na hakuniahidi kitu. Wengine walinisikiliza wakiwa nusu ndani, nusu nje. Tukafika kwenye nyumba moja Bi Maryam akanishika mkono. "Hii ya Hadia. Hii ipite."

Sikuipita. Nilipiga hodi mara tatu kama inavyopasa. Ndani nilisikia mtu akitembea. Hakuitika. Nikayasema maneno yangu pale pale mbele ya mlango uliofungwa, yote, kisha tukarudi skuli.

Karibu na adhuhuri aliingia mwanamke mwembamba, leso kajifunga kichwani, mtoto wa kiume wa mwaka mmoja ubavuni. Nyuma yake, uwanjani, walikuwa wamesimama akina mama wengine, hawaingii wala hawaondoki. Bi Maryam akanyanyuka. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Nionyesheni kile kikadi," Bi Hadia akasema.

Bi Maryam akafungua sanduku. Pakiti bado zilikuwa na barafu ndani. Akampa kadi. Vidirisha vyeupe, vyote. Bi Hadia akaishika muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akairudisha. Kisha akanigeukia.

"Ni weye uliyekuja mlangoni kwangu?"

"Ni mimi."

"Ulikosea nini hata?"

"Nilisahau kuhesabu barafu yenu."

"Ulisahau."

"Nilisahau."

"Na ukisahau tena?"

"Mashine haitonikubalia. Nimeifunga hivyo. Hata akija mwengine asiyewajua nyinyi, haitomkubalia."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuomba, maana hilo halikuwa la kuombwa siku ile. Alimtoa mtoto ubavuni, akaninyooshea.

"Basi mshike weye," akasema. "Nami n'kutizame."

Nikampokea. Alikuwa mzito, na ana joto la usingizi. Nilimkumbatia kama nilivyokuwa nikiwakumbatia wangu, nikamkunjia mkono wa shati, Bi Maryam akapangusa, akachoma. Mtoto akapiga ukelele, akaning'ang'ania shingo kwa mikono miwili, na huku nimemfumbata nikasikia nje, kwenye kizingiti, ndara zikivuliwa, za mmoja, kisha za wa pili, kisha nyingi.